Maneno ya Mwisho ya Kiapo

Ninachokikumbuka kwanza ni mdomo wa Mwalimu wa Zamu. Sauti yake nayo ilikuwa kubwa. Akiita "Mstarini!" mara moja tu, uwanja mzima ulitulia hadi ukasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Lakini sauti naikumbuka baadaye. Mdomo kwanza, kwa sababu mwaka ule, nilipokuwa darasa la saba, kazi yangu shuleni ilikuwa kutazama midomo ya watu.

Nilikuwa kiranja wa kiapo. Kila asubuhi, wimbo wa taifa ulipokwisha, tuliinua mkono wa kulia na kukariri kiapo cha uzalendo, na mimi nilipita katikati ya mistari na daftari na penseli, nikitafuta mdomo usiosogea. Niliyemwona amenyamaza nilimwandika. Ijumaa karatasi ilikwenda kwa Mwalimu wa Zamu, yeye akaipeleka kwa Mkuu wa Shule, na Jumatatu walioandikwa waling'oa visiki vya mikorosho nyuma ya vyoo mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Jina la kweli la Mwalimu wa Zamu lilikuwapo kwenye mlango wa ofisi, lakini hakuna aliyelitumia. Kwenye shule nyingine zamu huzunguka, wiki ya huyu, wiki ya yule. Kwetu walimu wengine walipanga vyumba Newala mjini na kufika kwa bodaboda jua likiwa limeshapanda. Yeye peke yake aliishi kijijini, kwenye nyumba ya mwalimu yenye bati lililobanduka upande mmoja. Kwa hiyo zamu ilikuwa yake wiki zote, na ikawa jina lake. Hata wazazi walisema, "Nenda kamwambie Mwalimu wa Zamu nguo zako zimeloa."

Shule yetu ilikuwa ukingoni kabisa mwa uwanda. Nyuma ya darasa la nne ardhi inaachia, inateremka kuelekea bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Miezi ya baridi ukungu ulipanda kutoka kule chini ukaumeza uwanja. Tukasimama mstarini bila kuiona bendera. Tulisikia tu kamba inagonga, ting, ting, na sisi tukiapa mbele ya kitu tusichokiona. Nadhani hofu yangu ilizaliwa pale. Mkono wangu juu, vidole vyangu vyenyewe vimepotea kwenye weupe, na mdomo unasema maneno haya:

"Mimi mwana wa nchi hii, mbele ya bendera na mbele ya Mwenyezi Mungu, naapa. Nitaitumikia nchi yangu kwa mikono safi. Sitaficha uovu ninaouona. Nikivunja kiapo hiki, nihukumiwe. Mwenyezi Mungu nisaidie."

Sisi tulikuwa watoto wa uwandani. Kiapo kwetu hakikuwa shairi la kukariri. Tulikuwa tumeshakula kiapo kingine, wavulana jandoni na wasichana unyagoni, mara moja, mbele ya watu wazima waliotutazama machoni, kwamba tuliyoyaona mle hatutayasema. Hatukuyasema. Mpaka leo sijayasema. Ndiyo maana bibi yangu, siku nilipomkariria kiapo cha shule huku nikipepeta mtama, aliniomba nirudie, kisha akauliza, "Mnakisema hiki kila siku?"

"Kila siku, Bibi. Isipokuwa Jumamosi na Jumapili."

"Kiapo kinaliwa mara moja, mjukuu wangu. Unayekirudia kila asubuhi, unamwambia Mungu cha jana kilikuwa cha uongo." Akachukua ungo kutoka mikononi mwangu kama vile nilikuwa nimeuchafua. "Na huyo Mwalimu wenu wa Zamu, mtu mzima yule, anakubali?"

Nilijua tu kwamba Mwalimu wa Zamu hakupenda neno lolote la kuapa. Ukikosa hesabu zote kumi, alikaa nawe chini akahesabu kwa mbegu za mbaazi mpaka uelewe. Ukichelewa kwa sababu ya maji, hakukugusa. Kisima kilikuwa mbali, foleni ilianza alfajiri, na yeye alisema, "Maji hayana saa," akapokea dumu lako yeye mwenyewe na kulimimina kwenye pipa la shule bila kumwaga tone. Lakini mtoto akisema "wallahi" au "haki ya Mungu" kwenye mchezo wa gololi, Mwalimu yule mpole alitoka ofisini na fimbo. Nilimwona akimchapa mshambuliaji wetu wa mpira kwa sababu ya "haki ya Mungu goli limeingia." Alimchapa moja tu. Baada ya hapo alijaribu kufunga kitasa cha ofisi akashindwa.

"Umelitaja jina hilo la nini?" alimuuliza. "Goli lilikuwa limeingia au halikuingia?"

"Liliingia, Mwalimu."

"Basi sema liliingia. Inatosha."

Yeye mwenyewe hakuahidi kitu. Ukimwomba aje kwenye ngoma ya mtoto wako, alijibu, "Nitajitahidi." Ukimwomba mbegu ya muhogo: nitajitahidi. Mama yangu alikasirika. "Mtu mzima unasema naam au hapana, nitajitahidi ndiyo nini?" Lakini siku ya ngoma, wakati majirani walioapa kwa miungu yote bado wanatafuta viatu, Mwalimu wa Zamu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye gogo, shati limepigwa pasi.

Dini yake ilikuwa mjadala wa kijiji. Waislamu walisema ni Mkristo kwa sababu hawakumwona msikitini, Wakristo wakasema ni Mwislamu kwa sababu hawakumwona kanisani. Muuza kahawa wa pale gengeni alimbana siku moja mbele ya watu: "Mwalimu, hebu tuondolee ubishi. Wewe wa Ijumaa au wa Jumapili?"

"Mimi wa zamu," alijibu. Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Yeye hakucheka.

Na bendera. Hili lilitufurahisha sana. Jioni aliishusha, akaikunja mara nne, akaifungia kwenye kabati la ofisi. Akaenda mpaka njiani. Akarudi, akafungua kabati, akaigusa, akafunga. Akaenda tena mpaka kwenye mwembe wa mlinzi. Akarudi tena. Siku za mvua alirudi hata mara tano, amelowa. Tulijificha nyuma ya pipa la maji tukamwigiza: "Kwaheri bendera! Umelala, bendera?" Leo nikikumbuka kile kicheko, naona aibu.

*

Kiapo kile, ajabu yake, alikitunga yeye. Mkuu wa Shule alitaka shule yetu iwe na kiapo chake, kitakachowafurahisha wageni kutoka wilayani, na mwenye mwandiko mzuri na Kiswahili kizuri alikuwa Mwalimu wa Zamu. Nilikuwapo ofisini, nimepeleka chaki, alipokabidhi karatasi. Mkuu alisoma akafika chini. Mkuu huyo alikuwa kijana, mwenye haraka, mtu wa kupanda cheo.

"Nitajitahidi?" alisema. "Kiapo kinaishia na 'nitajitahidi'? Mwalimu, hata mgambo wanaapa kwa Mungu."

"Hao ni watu wazima, Mkuu. Wamechagua."

"Hawa wasipomwogopa Mungu watamwogopa nani? Wewe?" Akachukua kalamu, akafuta neno la mwisho, akaandika yake. Mbele ya Mwenyezi Mungu kule juu. Nihukumiwe, na Mwenyezi Mungu nisaidie, kule chini. "Hapo sasa kimekuwa kiapo."

Mwalimu wa Zamu aliichukua karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa kaa la moto na adabu inamkataza kulitupa. Kesho yake akatufundisha, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho aligeukia ubao, akaandika, akasema, "Someni."

*

Rafiki yangu Lusia hakusoma.

Tulikaa dawati moja tangu la kwanza. Baba yake, fundi wa kuezeka, alikuwa amejitenga na kanisa akawa anasali nyumbani na familia mbili tatu, na katika nyumba ile hawakuapa kwa jambo lolote. "Baba anasema mtu mkweli analiacha jina la Mungu lipumzike," Lusia aliniambia. Basi kila asubuhi alisema kiapo chote, akasema bendera, mikono safi, uovu, na penye "naapa" na kila palipotajwa Mungu alifunga mdomo, akangoja kama mtu anayengoja gari lipite, kisha akaendelea.

Mimi nilipita mbele yake na penseli yangu, nikatazama miguu yake.

Nilifanya hivyo miezi mingi bila shida. Halafu Salumu wa darasa la sita akaanguka kutoka kwenye mkorosho, akavunjika nyonga. Korosho za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka, na watoto huanguka kila mwaka. Lakini siku mbili kabla, Salumu alikuwa ametuambia kwa kicheko kwamba kaka yake anachanganya mawe kwenye gunia la korosho ili lizidi uzito. Uwanjani neno likaenea kabla ya kengele: aliona uovu akauficha, kiapo kimemshika.

"Utaona na wengine," alisema msichana mmoja wa la sita, akinitazama. "Wapo wanaoficha. Watatoka vidonda mdomoni, wataoza ulimi."

"Nani anaficha?" nilimuuliza.

"Kwani mimi ndiye kiranja?"

Tangu siku ile sikula vizuri. Nililamba fizi zangu nikitafuta kidonda. Asubuhi, kiapo kilipofika "sitaficha uovu ninaouona," nilikandamiza daftari kifuani. Kwa kweli sikujua kama kunyamaza kwa Lusia ni uovu. Nilijua tu kwamba nimeagizwa kuandika, nimeapa, na siandiki.

Na siku hizo hizo, kwa kuwa sikutaka kuutazama mdomo wa Lusia, niliinua macho juu ya vichwa vya wenzangu, na nikaona mdomo mwingine. Mwalimu wa Zamu alisimama chini ya mlingoti, mkono wake wa kulia juu, uso kwetu. "Mbele ya bendera," mdomo ulisema. Kisha ukafunga. "Mwenyezi Mungu" haukusema. "Mikono safi" ulisema. Mwisho, shule nzima ilipopaza sauti kumwomba Mwenyezi Mungu, mdomo wake ulikuwa umefungwa na taya limekaza, na jasho limetoka juu ya mdomo, katika ile baridi.

Nilitazama siku nne mfululizo nikidhani ukungu unanidanganya. Siku ya tano hapakuwa na ukungu.

Sasa nilikuwa na midomo miwili.

Wiki iliyofuata Mkuu alitangaza kwamba Jumatatu atakuja ofisa kutoka wilayani, naye atasikiliza kiapo. "Na orodha ya wasioapa," alisema, "safari hii hawaendi kwenye visiki. Wataitwa mbele ya mgeni. Asiyeapa kwa nchi yake, mtihani wa nchi hii ataufanyaje? Arudi kwao."

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebaki wiki chache. Lusia alikuwa wa kwanza darasani. Alitaka uuguzi. Alikuwa ameshajishonea kofia ya karatasi, ameificha ndani ya kitabu cha sayansi. Mchana ule aliniambia taratibu, bila kunitazama, "Mimi sitasema, hata mbele ya ofisa. Wewe fanya kazi yako."

Nyumbani nikamkuta mdogo wangu Asha, wa miaka miwili, amelala juu ya mkeka kivulini, anatetemeka, macho yameviringika. Homa. Mama alikuwa anammwagia maji, maji yetu ya siku mbili, bila kuhesabu. Sikuuliza ameanza lini. Nilijua ameanza lini. Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya choo, nikafungua daftari, nikaandika majina mawili. Lusia juu. Chini yake: Mwalimu wa Zamu.

Sikumwandika kwa ujasiri. Nataka lieleweke hilo. Niliogopa kumwandika, lakini niliogopa zaidi kuandika nusu ya ukweli, maana nusu inayobaki ndiyo ingemchukua Asha.

*

Ijumaa nilimpelekea karatasi. Alikuwa anakunja bendera. Aliiweka chini, akavaa miwani, akasoma. Kamba iligonga mlingoti. Alisoma muda mrefu kuliko majina mawili yanavyohitaji.

"Umeona kwa macho yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wote wawili?"

"Ndiyo, Mwalimu." Nilikuwa nimeanza kulia. "Mdogo wangu anaumwa."

Sikueleza zaidi, naye hakuuliza inahusianaje. Alinitazama kama mtu aliyeona njia anayoijua. "Mama ampeleke zahanati leo," alisema. "Leo hii, siyo kesho. Homa ni homa, Kiranja. Unasikia? Nipe penseli yako."

Kwenye kitako cha penseli nilikuwa nimechomeka kipande cha kandambili, kifutio chetu sisi sote. Nilimwachia nikakimbia. Mama alimbeba Asha mgongoni, tukaenda zahanati, akadungwa sindano.

Jumatatu ofisa alikaa kwenye kiti cha sofa kilichotolewa nyumbani kwa Mkuu. Tuliapa. Baadaye Mkuu alifungua karatasi bila kuipitia kwanza, akijiamini, akaanza, "Watoro wetu wa kiapo ni..." Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Soma," alisema ofisa.

"Kuna makosa hapa, bwana."

"Soma tu."

"Mwalimu wa Zamu."

Kicheko kililipuka kutoka la kwanza mpaka la tano, kikafa kabla hakijafika kwetu. Nilingoja jina la pili. Jina la pili halikuja. Lusia alikuwa mstari wa mbele yangu. Niliona mabega yake, yametulia, yanangoja. Mkuu aligeuza karatasi nyuma, hakukuta kitu, akaikunja. Alikuwa amemfuta. Mwalimu wa Zamu alimfuta Lusia, akajiacha mwenyewe.

"Ni kweli hiki?" ofisa aliuliza.

"Ni kweli, bwana," alijibu Mwalimu wa Zamu.

"Wewe mwalimu wa serikali huapi?"

"Nasema yote. Jina hilo ndilo siwezi kulisema."

"Humwamini Mungu?"

"Namwogopa, bwana."

"Sote tunamwogopa. Na tunaapa."

Mdomo wa Mwalimu wa Zamu ulijifunga vile vile nilivyouona siku tano. Ofisa akasimama, wakaingia ofisini wote watatu, na mlango ukafungwa mpaka mchana. Hakuna mtoto aliyeitwa kuapa peke yake. Lusia akafanya mtihani.

Mwalimu wa Zamu aliondolewa kabla ya likizo. Walisema amehamishwa kwenda mbali, upande wa Masasi, shule isiyo na nyumba ya mwalimu. Lori dogo la korosho lilibeba kitanda chake na ndoo mbili. Alipanda, akashuka, akaingia ofisini kuligusa kabati, akapanda tena. Hakuna aliyemwigiza.

Mimi waliniita Mla Mwalimu. Niliingia kwenye foleni ya kisima na wasichana wakasogeza ndoo zao. "Msiseme mbele ya huyo, ataandika." Bibi hakunikemea, alisema tu, "Umemtaja mtu mzima," na sauti yake ilikuwa mbaya kuliko fimbo.

Na Asha alipona. Siku ile ile ya Jumatatu, wakati karatasi inasomwa, aliomba uji. Kila mtu alishukuru sindano. Mimi peke yangu nyumba nzima nilijua, au nilidhani najua, kwamba nimelipa mtu mmoja nimepewa mwingine, na kwamba huyo niliyeapa kwake hupokea malipo ya namna hiyo. Hakuna kitu kilichowahi kunitisha zaidi ya mdogo wangu akicheka na povu la uji mdomoni.

*

Leo Lusia ni muuguzi, Tandahimba. Ndiye aliyenipigia simu mwaka huu: amepita Nanganga, barabarani, akanunua nyanya, akainua macho, muuzaji ni Mwalimu wa Zamu. Amestaafu. "Ameniuliza habari zako," alisema. "Akaniuliza Kiranja hajambo."

Lusia hajui kuwa niliandika jina lake. Miaka yote hii nimekuwa naandaa namna ya kumwambia, na kila mara nimesema moyoni, nitajitahidi.

Nililala Masasi, nikapanda gari la asubuhi. Genge lake liko kando ya barabara kuu: meza moja, nyanya, vitunguu, madaftari na penseli, maana ng'ambo ya lami kuna shule ya msingi. Amekonda. Miwani imefungwa kwa uzi wa katani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akaniangalia. Kisha, bila kusimama, "Kiranja. Umenenepa. Mjini kuna chakula."

Nilicheka, nikajikuta nalia, akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. Nilimwambia yote, kwa haraka, kama mtoto anayesoma orodha: Salumu, Asha, choo, majina mawili. Alikuwa anapanga nyanya tatu tatu. Nilipomaliza alisema, "Nilikuona unalia ukasema mdogo wangu anaumwa. Nilijua yote pale pale. Mimi ndiye niliyekuwa naijua hofu ile."

Akanieleza, huku akiendelea kupanga. Shule yake ya kwanza, yeye kijana, bendera ilipotea. Aliwapanga watoto wote, Mwislamu mkono juu ya msahafu, Mkristo juu ya Biblia, kila mmoja aape hakuichukua, na kama kachukua Mungu amchukue. Binti wa darasa la tatu aliapa kwa sauti ndogo, akakosea maneno, yeye mwalimu akamrudisha aape tena. Mvua zilipoanza, binti akashikwa na homa, akafa. Kijiji kikasema mwizi amepatikana. Walimzika haraka, wachache, bila kulia. Mama yake akaachwa peke yake kisimani.

"Na bendera?" nilisema, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuogopa jibu.

"Kiangazi nilipandisha mikono juu ya kabati nikitafuta boksi la chaki. Ilikuwa pale. Imekunjwa mara nne. Nilikuwa nimeiweka pale mwenyewe, siku ya mvua, isilowe, nikasahau." Akaichukua nyanya moja, akaifuta kwenye shati. "Nikairudisha mlingotini kimya kimya. Watu wakasema mwizi kairudisha kabla hajafa. Sikusema kitu. Miaka, Kiranja. Nikihama shule, nimenyamaza. Yule uliyemwona chini ya mlingoti hakukataa kuapa kwa sababu ya imani. Nilidhani siku nikilitaja jina lile, atanijibu."

"Nami nikakuandika."

"Ukaniandika. Jina langu likasomwa mbele ya watu, nikangoja nife. Sikufa. Likizo ile nikaenda kwa yule mama."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mwanangu aliumwa homa, Mwalimu. Nyie ndio mliotaka mwizi. Usiniambie mimi, kawaambie waliomzika bila kulia.' Nikazunguka nyumba zote. Mwezi mzima. Wengine walishakufa, nikasema mlangoni kwa watoto wao. Wengine walinifungia. Nimesema kwa kila mtu. Lakini bado sijui kama imetosha. Nikisikia radi, naingia ndani."

Ng'ambo ya barabara ringi ya gari, kengele yao, ikagongwa. Watoto wakakimbia, vumbi likatulia, mistari ikanyooka. Walimaliza wimbo wa taifa. Mikono ikainuka, na kiapo cha shule ile kikaanza, maneno yao tofauti na yetu, lakini nilijua kinakokwenda. Mwalimu wa Zamu alishika ukingo wa meza, akasimama. Mimi pia nikasimama. Tuliunyoosha mkono wa kulia, watu wazima wawili nyuma ya nyanya, na tukafuata maneno tuliyoweza kuyadaka.

Kikafika mwisho. Watoto wakapaza sauti kumwomba Mwenyezi Mungu, kwa furaha, kama wanaita mtu wa kwao aliye ng'ambo ya mto. Nikageuka kuutazama mdomo wake.

Ulikuwa umefungwa. Taya limekaza, jasho limetoka juu ya mdomo, kama zamani. Lakini macho yake hayakuwa kwa watoto. Yalikuwa kwangu, mdomoni mwangu, na hapo ndipo nilipohisi meno yangu yamebana, na kwamba mimi pia sikuwa nimesema.

"Wawili," alisema Mwalimu wa Zamu. Akachomoa penseli moja kwenye kopo la mauzo, akanishikisha. "Andika, Kiranja."

Niliipokea kwa mikono miwili, nikalivuta daftari moja la mezani.